Jinsi ya Kuunda Mhusika Nusu Mtu, Nusu Mnyama: Sentauri, Minotauri na Satiri kwa Wanaoanza D&D

Kila kikundi kipya cha Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kina mchezaji mmoja ambaye, akipewa orodha ya jamii za wahusika, anawaruka binadamu, anawaruka elfi, na hatulii mpaka amempata yule mwenye kiwiliwili cha mtu na miguu ya farasi. Hapo ndipo maswali yanapoanza, na ni yale yale kila siku. Anapandaje ngazi? Naweza kuwabeba wenzangu mgongoni? Anachukua miraba mingapi kwenye ramani? Mbona nilitaka kupiga kwato na msimamizi, yule anayeongoza mchezo, akanikatalia?

Nimeandika mwongozo huu ili niwe naelekeza watu hapa badala ya kujibu upya. Unahusu toleo la 5 la mchezo, na mfano nitakaoufuata hatua kwa hatua ni huyo nusu farasi, sentauri. Minotauri (mwenye kichwa cha fahali) na satiri (mwenye miguu ya mbuzi) nitawagusa pale wanapotofautiana naye. Kitu kimoja kishike tangu mwanzo: wahusika hawa huharibika pale mchezaji anapochukua namba na kuusahau mwili. Ukishaujua mwili unaweza nini na hauwezi nini, namba zitakufuata zenyewe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kanuni za msingi za toleo la 5. Hati yake ilitolewa Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaipakua bure na kihalali. Tahadhari: sentauri na minotauri waliomo humo ni viumbe wa kupigana nao, si wahusika wa kuchezwa. Usinakili namba zao kwenye karatasi yako. Ni kosa la kwanza la karibu kila mgeni.
- Kitabu chenye jamii unayoitaka. Sentauri na minotauri wamo kwenye Guildmasters' Guide to Ravnica (2018). Kwenye Mythic Odysseys of Theros (2020) wamerudi pamoja na satiri. Wote watatu walirekebishwa katika Mordenkainen Presents: Monsters of the Multiverse (2022). Kimoja kinatosha, na mara nyingi msimamizi anacho.
- Seti ya dadu: d4, d6, d8, d10, d12 na d20. Namba ni idadi ya pande za dadu. Ukizikosa madukani, programu ya simu inatosha kabisa.
- Daftari la hesabu lenye miraba. Mraba mmoja ni futi 5. Vizibo vya soda vitakuwa wahusika.
- Karatasi ya mhusika na penseli. Kalamu ya wino iache, utafuta sana.
- Ruhusa ya msimamizi wa mchezo, yaani DM. Usije mezani na mhusika aliyekamilika kabla hujamuuliza, maana wapo wasioruhusu jamii za nje ya kitabu cha msingi, na wana haki yao.

Hatua

1. Chagua mwili kwanza, fani (kazi ya mhusika, kama mpiganaji) baadaye.

Sentauri ana kasi ya futi 40 kwa zamu, wakati binadamu ana 30. Anapiga kwa kwato, na akimkimbilia adui anapata pigo la ziada. Kwa uwezo wa kubeba anahesabiwa kama kiumbe mkubwa kwa daraja moja, kwa hiyo mzigo wake ni mara mbili. Kupanda ndiko kunakomtesa. Kila futi moja ya kupanda kwa mikono na miguu inamgharimu futi 4 za ziada, pale wengine wanapolipa futi 1 tu ya ziada. Piga hesabu: binadamu mwenye kasi 30 anapanda futi 15 kwa zamu, sentauri mwenye kasi 40 anapanda 8. Ngazi ya futi 10 inamla zamu mbili huku wenzake wameshafika juu na wanapigana.

Minotauri ana pembe zinazotoa madhara ya d6. Akitumia kitendo chake kizima kwa Dash, yaani kukimbia badala ya kushambulia, na kwenda futi 20 au zaidi, anaweza kuchoma kwa pembe kama kitendo cha nyongeza. Akiwa amepiga kwa silaha ya kawaida, anaweza kutumia pembe kumsukuma aliyempiga hadi futi 10. Hawezi kufanya yote mawili kwenye zamu moja, maana kitendo cha nyongeza ni kimoja. Toleo la 2022 limempa pia zawadi inayomfaa kiumbe wa jumba la vichochoro la Knossos: siku zote anajua kaskazini ni wapi.

Satiri ana kasi 35, anaruka mbali kuliko wengine, anajua kupiga ala ya muziki, na hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa anapojikinga na uchawi. Hii ya mwisho ina nguvu mno kwa mhusika wa ngazi ya kwanza ya uzoefu. Msimamizi akisita kumruhusu satiri, sababu ndiyo hiyo.

2. Ulizia mnatumia kitabu cha mwaka gani.

Usiruke hatua hii. Kwenye vitabu vya 2018 na 2020, sentauri anapata +2 ya Nguvu na +1 ya Busara, minotauri +2 ya Nguvu na +1 ya Uimara, na satiri wa 2020 anapata +2 ya Mvuto na +1 ya Wepesi. Kwenye kitabu cha 2022 unaziweka nyongeza hizo popote utakapo. Kwato za sentauri nazo zilipanda kutoka d4 hadi d6. Watu wawili mezani wakiwa na vitabu tofauti watabishana hadi usiku kila mmoja akiwa sahihi.

3. Panga namba.

Tumia safu ya kawaida: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Kwa sentauri mpiganaji wa kitabu cha 2018, mimi ningepanga hivi:

- Nguvu 15, ukiongeza 2 inakuwa 17 (nyongeza ya dadu +3)
- Uimara 14 (+2)
- Busara 13, ukiongeza 1 inakuwa 14 (+2)
- Wepesi 12 (+1)
- Mvuto 10 (0)
- Akili 8 (−1)

Mpiganaji wa ngazi ya 1 ya uzoefu anaanza na pointi 10 za uhai, ukiongeza 2 za Uimara anakuwa na 12. Mzigo: Nguvu mara 15 ndiyo ratili anazobeba mtu wa kawaida. Kwa sentauri ni mara 30. Yaani 17 × 30 = ratili 510, kama kilo 231. Kikundi chote kitakutupia mizigo yao, jiandae kukataa.

Onyo: usitupe 8 kwenye Busara. Busara ndiyo inayokuwezesha kuona mtego, kusikia nyayo na kupinga uchawi mwingi wa kuteka akili.

4. Chagua fani na silaha inayoendana na mwili.

Mpiganaji, mwindaji wa porini na shujaa wa hasira wote wanamfaa sentauri. Minotauri ni shujaa wa hasira wa kuzaliwa. Satiri mpe umalenga na utaona meza inavyochangamka.

Kwenye silaha kuna mtego ambao wageni wengi wananasa. Picha inayokuja kichwani ni sentauri na mkuki mrefu wa mpanda farasi. Unapendeza kwenye mchoro, lakini soma kanuni. Mkuki ule unafika futi 10, na ukiutumia kwa adui aliye ndani ya futi 5 unarusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Kwato zako zinafika futi 5 tu. Ukimchoma adui akiwa futi 10, kwato hazimfikii. Ukisogea ili kwato zimfikie, mkuki unakusumbua. Isitoshe, aliyepanda farasi anaushika kwa mkono mmoja, lakini wewe hujapanda kitu, wewe ndiye farasi. Unahitaji mikono yote miwili.

Chukua upanga mkubwa wa mikono miwili, 2d6 (dadu mbili za pande sita). Shambulio lako litakuwa d20 + 5 (3 za Nguvu, 2 za ujuzi), na madhara 2d6 + 3.

Deraya: kanuni za mhusika hazisemi sentauri alipie deraya ya farasi, ambayo bei yake ni mara 4 na uzito mara 2. Lakini msimamizi wako anaweza kuamua vinginevyo. Muulize leo, siku ya kununua imechelewa.

5. Jaribu shambulio la kukimbilia ukiwa peke yako.

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Fungua daftari la hesabu. Weka kizibo kimoja kuwa wewe na kingine kuwa adui, kati yao miraba 6 mitupu, wote kwenye mstari mmoja.

Sogea miraba 6 moja kwa moja kumwelekea adui. Hizo ni futi 30, na ndizo zinazodaiwa. Sasa mko bega kwa bega. Piga upanga. Ukimpata, hapo hapo unatumia kitendo cha nyongeza kumpiga kwato adui huyo huyo. Umebakiwa na futi 10 za kusogea.

Sasa rudia kwa kuharibu sharti moja baada ya jingine uone linavyovunjika. Pinda kona katikati ya njia: hakuna kwato. Kosa pigo la upanga: hakuna kwato. Weka tope kwenye miraba: ardhi ngumu inakula mara mbili, kwa futi zako 40 utakwenda 20, hakuna kwato. Chora chumba chenye urefu wa futi 20: hakuna kwato, utapigana kama mtu yeyote. Ukikosa nafasi ya kukimbia, silaha yako kuu imelala, na shimo la chini ya ardhi ambamo wachezaji wengi wanaanzia limejaa vyumba vidogo. Ndiyo maana nasema ujue kabla.

Jingine: usipoteze shambulio hili kwa vidudu. Goblini wa kanuni za msingi ana pointi 7 za uhai. Upanga wako kwa wastani unatoa 10, hivyo mara nyingi atakuwa ameshakufa kabla ya kwato, na kwato haziwezi kuhamia kwa jirani yake. Mtunzie ogri, lile jitu kubwa. Kiwango chake cha ulinzi, yaani namba ambayo shambulio lako lazima liifikie, ni 11, uhai wake 59, na kila pigo la nyongeza linahesabika.

6. Kubaliana na msimamizi kuhusu mambo madogo ya mwili.

Keti naye kabla ya mchezo wa kwanza, hata kwa meseji. Muulize: nikiingia kwenye nyumba ya wageni nalala wapi? Kiti je? Mtumbwi utanibeba? Kisima chenye ngazi ya kamba nitashukaje? Wenyeji wa mji huu wamezoea kuona watu kama mimi, au watoto watakimbia?

Msitafute kanuni kwa kila swali. Amueni mara moja, andikeni, msirudie mjadala. Kawaida inayofanya kazi vizuri ni hii: mwili wako ukuletee usumbufu pale unaponogesha hadithi, usikufungie nje ya hadithi. Kushushwa kisimani kwa kamba na wenzako wanne huku unapiga kelele ni tukio zuri. Kuachwa nje saa tatu nzima wenzako wakicheza chini ni adhabu, na hakuna anayestahili adhabu kwa kuchagua jamii iliyoko kitabuni.

7. Mpe asili yenye mgongano.

Hadithi za Ugiriki zimekuachia malighafi nyingi. Sentauri wengi walihesabiwa kuwa uzao wa Ixion na wingu lililotengenezwa lifanane na mungu mke Hera. Hao ndio waliolewa kwenye harusi ya Pirithous, mfalme wa Walapithi, wakataka kumteka bibi harusi, na vita vyake vikachongwa kwenye hekalu la Parthenon kule Athene. Lakini Chiron hakuwa wa ukoo huo. Baba yake ni Cronus, na ndiye aliyewalea na kuwafundisha Achilles, Jason na Asclepius tabibu. Kati ya sentauri yupo pia Pholus, aliyemkaribisha shujaa Heracles na kumfungulia mtungi wa mvinyo. Harufu ikawavuta sentauri wengine, vita vikazuka, na mwenyeji mwenyewe akafa baadaye kwa mshale wenye sumu uliomponyoka mkononi na kumwangukia mguuni alipokuwa akistaajabu kitu kidogo vile kinauaje.

Usichukue hadithi nzima. Chukua uzi mmoja. Mfano: mhusika wangu amefundishwa utabibu, lakini kijiji kinamkumbuka babu yake wa kwenye ile harusi. Sentensi hiyo moja inampa msimamizi kazi ya wiki kadhaa. Kwa minotauri, kumbuka kwamba yule wa Krete alikuwa na jina, Asterius, na hakuchagua kufungiwa kwenye jumba la vichochoro la Daedalus. Satiri naye asiwe mlevi tu wa msafara wa Dionysus, mungu wa mvinyo. Utani huo unachosha kabla ya mchezo wa tatu.

8. Ukitaka kiumbe wa kwetu, badilisha ngozi, usiguse namba.

Swali hili linaulizwa sana na watu wa pwani: naweza kumcheza nguva? Au yule mwanamke mrembo wa usiku ambaye ukitazama chini unaona kwato? Unaweza, tena bila kutunga kanuni mpya. Kwa nguva chukua tritoni, jamii ya watu wa baharini, ambaye anapumua hewani na majini, anaogelea kwa kasi, na ana miguu ya kutembea nchi kavu. Kwa mwenye kwato chukua satiri. Filimbi iwe udi wa muziki au zumari, pembe zifichwe chini ya ushungi, na ile kinga dhidi ya uchawi inamkaa barabara.

Onyo: uliza meza kwanza. Kwa wengine majini ni hadithi za kuchangamsha jioni, kwa wengine si jambo la kuchezea. Mmoja akionyesha kutopenda, acha bila ubishi. Kuna viumbe wengine tele.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Sentauri anachukua miraba miwili kwenye ramani?* Hapana. Mhusika wa sentauri ana ukubwa wa kati, mraba mmoja kama binadamu. Yule wa kupigana naye, kwenye hati ya kanuni, ndiye mkubwa. Ndiyo sababu nilikuambia usinakili.

*Wenzangu wanaweza kunipanda?* Wadogo tu. Kanuni inadai anayepandwa awe amemzidi mpandaji daraja moja la ukubwa. Hafulingi au nomu, jamii za watu wafupi, atakaa mgongoni, binadamu hapana. Ule ukubwa wa ziada ni wa mizigo peke yake. Binadamu aliyezimia, hata hivyo, ni mzigo.

*Mchawi amenirushia Charm Person, uchawi wa kuteka akili, na msimamizi anasema nimetekwa.* Sentauri na satiri wa kuchezwa wanahesabiwa kuwa aina ya viumbe wa kimajini, kitabuni imeandikwa fey, wala si humanoid, yaani viumbe wa aina ya watu. Charm Person na Hold Person (uchawi wa kugandisha mtu) hugusa humanoid tu, kwa hiyo hazikupati. Mwonyeshe mstari kwa upole. Upande wa pili usiufiche: Protection from Evil and Good inamkinga adui dhidi yako, na ukifa, Reincarnate haikurudishi, kwa kuwa nayo inadai humanoid. Cure Wounds inakuponya kama kawaida. Minotauri wa kuchezwa ni humanoid, haya hayamhusu.

*Minotauri wangu alikimbia, akachoma kwa pembe, kisha nikataka kupiga shoka. Nimekataliwa.* Kwa haki. Dash imekula kitendo chako na pembe zimekula kitendo cha nyongeza. Zamu imekwisha. Ukitaka shoka, anza na shoka, kisha tumia pembe kusukuma.

*Kikundi chetu kinatumia kitabu cha wachezaji cha 2024 ila jamii yangu iko kwenye kitabu cha zamani.* Inakubalika. Nyongeza za uwezo sasa zinatoka kwenye historia ya mhusika uliyochagua, kwa hiyo zile za jamii ya zamani unaziacha. Mengine yote, kasi, kwato, pembe, chukua kama yalivyo.

*Kila tukifika kwenye ngazi mchezo unasimama.* Rudini hatua ya 6. Mkishindwa kuelewana, nunueni kamba ya futi 50 na kapi, mfungeni, mvuteni, na msimamizi aombe mrusho mmoja tu wa Nguvu kwa kikundi kizima. Mrusho ukifeli, amenasa katikati, na adui anakuja.